Mama atachomwa sindano ya usingizi, tujiandae vipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Tabata. Ana kisukari na presha kwa miaka mingi. Mwezi uliopita alikutwa na upungufu wa damu, 8.4, na daktari akaagiza apimwe utumbo mpana kwa kamera ili ijulikane damu inapotelea wapi. Amepangiwa Jumanne ya wiki mbili zijazo, saa 4 asubuhi, hospitali iko mjini. Tumeambiwa atachomwa sindano ya usingizi kwenye mshipa, lakini si nusu kaputi. Karatasi tuliyopewa ina mistari mitatu tu: asile, anywe dawa ya kusafisha tumbo, aje na mtu. Anatumia metformini, glibenklamidi, amlodipini, losartani, aspirini ndogo na vidonge vya kuongeza damu. Mwenyewe anasema kukaa na njaa si tatizo, kwani hufunga Jumatatu na Alhamisi. Anachoogopa ni kutoamka, maana jirani yetu aliwahi kufiwa na ndugu yake "kwenye usingizi". Mimi naogopa sukari kushuka. Dawa azimeze au aache? Na huo woga wake tumjibuje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo Jumatatu, kwa sababu hapo ndipo naona mtego ambao karatasi yenu haikuutaja.

Mama hufunga Jumatatu, na kipimo ni Jumanne. Jumatatu hiyo asifunge. Ndiyo siku atakayotakiwa kunywa kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi huu: maji, dawa ya kusafisha tumbo ambayo yenyewe huwa lita kadhaa, na vinywaji vyenye sukari kidogo vya kumshikilia. Mgonjwa wa kisukari akishinda mchana kutwa bila maji, kisha usiku akanywa dawa ya kumwendesha, asubuhi tunampokea amekauka, presha iko chini, na mishipa imejificha hata pa kuchoma hapaonekani. Funga ya sunna ina siku nyingi za kuilipia. Mwambieni mapema, na kama ana ustadhi anayemsikiliza, azungumze naye wiki hii, si usiku wa kuamkia Jumatatu.

Sasa hiyo sindano yenyewe. Kwenye nusu kaputi kamili tunamlaza mgonjwa kiasi kwamba hata akipasuliwa hana habari, na mara nyingi tunapitisha mpira kwenye njia ya hewa, mashine ikampumulia. Kwa kipimo cha mama kinachotafutwa ni kidogo kuliko hapo. Asinzie, maumivu yapungue, asikumbuke mengi, lakini aendelee kupumua mwenyewe, na akiitwa jina lake aitike, hata kwa kufungua macho tu. Dawa zinazotumika sana ni midazolamu, ambayo huondoa woga na kuzuia kumbukumbu isishike, pamoja na fentanili au pethidini kwa ajili ya maumivu. Kuna wanaotumia propofoli, ile dawa nyeupe ya rangi ya maziwa. Hiyo humlaza mtu ndani ya dakika moja, na isipoongezwa huisha ndani ya dakika tano hadi kumi. Huwa inachoma mshipani wakati inaingia. Mwambieni mama hilo kabla, asije akashtuka akadhani amechomwa vibaya.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: kati ya kusinzia na kulala fofofo hakuna mpaka uliochorwa. Dozi ambayo kijana wa miaka 25 anaendelea kupiga nayo soga inaweza kumzamisha mama wa miaka 58 mwenye damu 8.4. Ndiyo maana dawa huingizwa kidogo kidogo: unatia, unasubiri, unamtazama, ndipo unaongeza. Mkiona siku hiyo mtaalamu wa usingizi haharakishi, mshukuruni.

Hapo ndipo woga wa mama unapopata jibu lake. Msiucheke, na msimwambie "si kitu". Kinachoua watu kwenye dawa hizi, karibu kila mara, ni pumzi. Dawa inapunguza msukumo wa kupumua, ulimi unalegea na kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, oksijeni inashuka kwenye damu, halafu moyo ndio unafuata. Ni hatua, zina mpangilio, na zinaonekana, mradi kuna mtu ambaye kazi yake pekee chumbani humo ni kuzitazama. Michael Jackson alifariki Juni 25, 2009 kwa propofoli pamoja na dawa nyingine za kutuliza. Alipewa nyumbani, chumbani kwake, bila vifaa wala uangalizi unaotakiwa, na daktari aliyempa alitiwa hatiani mwaka 2011. Dawa hiyohiyo hutumika mahospitalini kila siku iendayo kwa Mungu, na watu wanaamka, wanauliza chai.

Habari ya ndugu wa jirani siwezi kuisemea. Ila simulizi nyingi za "alilala hakuamka" ukizichimba unakuta ulikuwa upasuaji wa dharura, usiku, mtu amepoteza damu nyingi, tumbo limejaa, hakuna muda wa kumwandaa. Mama yako mmepewa wiki mbili. Hizo wiki mbili ndizo kinga yake.

Kwa hiyo pigeni simu hospitalini, au mmoja wenu aende, mkaulize mambo haya bila haya. Nani atakuwa anaangalia pumzi ya mama wakati daktari wa kamera anaendelea na kipimo? Jibu zuri ni mtu wa pili, si huyohuyo anayeshika kamera. Je, ndani ya chumba kuna oksijeni, mashine ya kufyonza mate na matapishi, na mfuko wa kumpumulia mgonjwa kwa mkono? Je, kuna mahali pa kumlaza baada ya kipimo akiwa chini ya macho ya nesi, au atatolewa akakae kwenye benchi la nje? Midazolamu ina dawa ya kuizima, flumazenili. Fentanili na pethidini huzimwa na naloksoni. Propofoli haina dawa ya kuizima, unamsaidia mgonjwa kupumua mpaka iishe yenyewe. Chumba kilichojiandaa kinayo hayo yote karibu, na daktari asiye na la kuficha hakasiriki akiulizwa. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Niongeze na hili, maana wengi hawalijui: kipimo cha utumbo mpana kinaweza kufanyika bila sindano yoyote ya usingizi, au kwa dozi ndogo tu ya kutuliza. Kuna maumivu ya tumbo kuvutwa na kujaa hewa, lakini kuna wanaoyavumilia. Kwa mama mwenye wasiwasi sidhani kama ndiyo njia ya kwanza, ila akijua kwamba anayo hiari, hofu yenyewe hupungua.

Tuje kwenye tumbo. Mtu akilegezwa na dawa, ile kinga inayotufanya tukohoe chakula kikikosea njia nayo hulegea. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kushukia kwenye mapafu, na asidi ya tumbo ikifika huko inaunguza. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, aliandika kuhusu wanawake waliokuwa wakijifungua chini ya dawa za usingizi: kati ya wajawazito 44,016, wanawake 66 walipaliwa namna hiyo. Sheria za kutokula kabla ya usingizi tunazozifuata leo zinajengwa juu ya kazi hiyo.

Saa zenyewe ni hizi. Mlo mwepesi uwe umepita saa sita kabla ya sindano. Mlo wa mafuta, yaani chapati, pilau, supu ya makongoro, chipsi, uhesabiwe saa nane. Maziwa ni chakula, kwa hiyo chai ya maziwa ni chakula, na uji ni chakula, hata uwe mwepesi kiasi gani. Maji matupu na chai ya rangi isiyo na maziwa vinaruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Kipimo cha mama kikiwa saa 4 asubuhi, anaweza kunywa maji hadi saa 2 asubuhi. Hospitali nyingi huandika tu "asile wala kunywa kuanzia saa 6 usiku", kwa sababu ni rahisi kuandika na ratiba hubadilika. Kwa mgonjwa wa sukari aliyeendeshwa usiku kucha, huko ni kumkausha. Waulizeni kama yeye anaruhusiwa maji hadi saa mbili kabla. Wakisema hapana, fuateni walivyosema, maana wao ndio wanaojua foleni yao ya siku hiyo. Na kama mama ni mtu wa kushiba haraka, kucheua chakula cha jana, au tumbo kukaa limejaa muda mrefu, semeni: kisukari cha miaka mingi kinaweza kulifanya tumbo liwe zito kumwaga chakula, na hapo saa sita zinaweza zisitoshe.

(Wasomaji wengine mnaopangiwa vipimo Ramadhani, angalieni daku. Mtu amekula daku saa 10 na nusu alfajiri, anafika kwenye kipimo saa 4 asubuhi na moyo mweupe kabisa kwamba "nimefunga". Ni saa tano na nusu tu, na daku la watu wa Pwani tunalijua lilivyo.)

Sasa dawa, moja moja, maana hapa ndipo ulipouliza hasa. Ninachoandika ni mwongozo wa kuzungumza na daktari wake wa kliniki. Kibali cha mwisho akitoe yeye aliyemshika mgonjwa mkononi.

Vidonge vya kuongeza damu ndivyo vya kwanza kuachwa, na ni siku saba kabla. Madini ya chuma hufanya kinyesi kiwe cheusi na cha kunata kwenye kuta za utumbo, kamera haioni kitu, na mama atarudishwa kuanza upya. Najua inauma kumwachisha dawa ya damu mtu ambaye damu yake ni ndogo, lakini wiki moja haitamwangusha. Na hapohapo niseme kuhusu rozela. Nyumba yenye mgonjwa wa damu hapa Dar haikosi jagi la juisi ya rozela, au bitiruti. Tangu Jumapili viwekeni kando. Rangi nyekundu ndani ya utumbo inafanana na damu, na tunatafuta damu.

Glibenklamidi ndiyo dawa ninayoiogopa kwa mama yako kuliko sindano. Inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, na hukaa mwilini muda mrefu. Asimeze asubuhi ya kipimo. Kwa Jumatatu, siku ya kuishi kwa vinywaji, muulizeni daktari wake, na msishangae akisema aiache siku hiyo pia. Metformini haishushi sukari kwa ukali huo, lakini nayo haina kazi asubuhi mtu akiwa hajala, na mwili uliokauka haufai kuipokea. Ya Jumanne asubuhi isubiri mpaka ale. Kwa mama wengine wanaochoma insulini, msiache yote kwa kichwa chenu. Ile ya muda mrefu mara nyingi hupunguzwa tu, haifutwi.

Kipimo cha sukari cha kidoleni kiwe karibu tangu Jumatatu asubuhi. Mpimeni kila baada ya saa nne hivi, na akilalamika wakati wowote: kutetemeka, jasho jembamba, kuongea hovyo, moyo kwenda mbio. Ikishuka chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), mpeni vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda nyeupe isiyo ya "daiti", kisha mrudie kupima baada ya dakika 15. Fanyeni hivyo hata kama muda wa kutokunywa umeshaingia. Mkifika, semeni mmempa nini na saa ngapi. Kipimo kikisogezwa mbele kwa saa mbili si msiba; sukari ikianguka ndani ya daladala ndiyo msiba. Ombeni pia awe wa kwanza au wa pili kwenye orodha. Wagonjwa wa kisukari kwa kawaida hutangulizwa, ila anayeomba ndiye anayekumbukwa.

Amlodipini aimeze asubuhi ile kwa funda moja la maji. Watu wengi huacha dawa ya presha wakidhani "asile" inajumuisha vidonge, wanafika na presha 190 kwa 110, kipimo kinaahirishwa, wanarudi nyumbani na tumbo safi lisilo na faida. Losartani ni habari nyingine: madaktari wengi wa usingizi hupenda iachwe asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu ikikutana na mwili uliopoteza maji na dawa za kulegeza, presha hushuka sana. Aspirini ndogo kwa kawaida huendelea. Msiisimamishe bila kuambiwa. Walio kwenye warfarini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, wasiguse chochote bila daktari wao wa moyo, hasa waliobadilishiwa vali.

Nije kwenye ambacho naona ndicho moyo wa maandalizi yote, kuliko hata kufunga: mambo ambayo mgonjwa hasemi. Mtaalamu wa usingizi anapiga hesabu ya dozi kwa anachokijua. Akifichwa, hesabu inakuwa ya mtu mwingine. Mama anakunywa mlonge au mchanganyiko wa mizizi kwa ajili ya sukari? Waambieni, na aache wiki moja au mbili kabla. Anakoroma? Wewe unayelala chumba cha pili unajua kuliko yeye. Na je, katikati ya kukoroma hunyamaza ghafla, kisha hushtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo? Hilo ni la kusema kabla ya jambo lolote, kwa sababu njia yake ya hewa huziba hata bila dawa. Amewahi kuchomwa dawa ya usingizi, labda kwenye uzazi, na akapata shida? Ana pumu? Basi pampu yake iwe mkobani. Mafua na kikohozi cha makohozi vikianza wiki hiyo, pigeni simu. Huenda mkaahirishwa, na ni sawa.

Kwa wasomaji wengine wanaopita kwenye njia hii: anayekunywa pombe kila siku aseme kiasi cha kweli, konyagi ni konyagi na gongo ni gongo, kwa sababu mwili uliozoea pombe huhitaji dozi tofauti, na aliyekunywa jana usiku yuko hatarini zaidi. Bhangi nayo hubadilisha hesabu. Mwenye selimundu aseme, ili asiachwe na kiu wala baridi, na atundikiwe maji mapema. Anayetumia dawa za kifua kikuu aseme, maana rifampisini huichoma midazolamu haraka mwilini. Na anayetumia ARV, nakuomba sana: kuna dawa za mstari wa pili zenye ritonavir, na hizo huifanya midazolamu ikae mwilini muda mrefu kuliko inavyotarajiwa na usingizi kuzidi. Wagonjwa wengi hunyamaza kwa sababu dada au shemeji amesimama pembeni. Ombeni muongee na mtaalamu wa usingizi peke yenu, au muandike kwenye karatasi mumkabidhi. Hatangaziwi mtu.

Tumbo lenyewe sasa, nalipitia haraka kwa kuwa kila hospitali ina dawa yake. Kuanzia Jumamosi aache mchicha, matembele, kisamvu, maharage, dona, mahindi, mapera na pasheni. Ale wali mweupe, ugali wa sembe, samaki, mayai, mkate mweupe. Jumatatu ni vinywaji vya kupenya mwanga: maji, chai ya rangi, soda nyeupe, supu iliyochujwa na kuondolewa mafuta. Dawa ya kuendesha hufanya kazi vizuri zaidi ikigawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri, lakini hapo ndipo Tabata inapoingia kwenye hesabu. Nusu ya pili akiimaliza saa 1 asubuhi, tumbo litamchemkia Buguruni kwenye foleni. Aanze saa 9 usiku, amalize kabla ya saa 11 alfajiri, mtoke saa 12 na nusu. Pampasi za watu wazima zinauzwa maduka ya dawa. Avae moja na kanga ya akiba iwe kwenye mfuko, hata kama ataona mmemdharau. Jazeni ndoo Jumapili, kwa sababu maji ya bomba yana tabia ya kukatika siku usiyoitaka.

Mavazi yawe mepesi, ya kufungua mbele. Kama wiki hiyo kuna harusi, asipake piko wala hina kwenye vidole vyote, na asibandike kucha. Abakize viwili vitatu vya mkono vikiwa vitupu. Kile kidude kinachobanwa kidoleni, ambacho wengi walikizoea wakati wa korona, husoma oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi nzito huweza kukipotosha. Namba tunayoipenda ni 95 kwenda juu. Meno ya bandia yavuliwe, semeni pia kama kuna jino linalocheza. Dhahabu zibaki nyumbani. Kama mama hapendi kukaa kichwa wazi, aombe kofia ya hospitali au ajifunike mtandio usiobana shingo. Ni ombi la kawaida na sioni sababu ya kukataliwa.

Fomu ya ridhaa aisaini kabla ya sindano, si baada, na aisome au asomewe. Ndani atawekewa kanula mkononi, yaani kile kimpira kinachobaki kwenye mshipa ili dawa ipite, mpira wa oksijeni puani, kamba ya presha mkononi, atalazwa kwa ubavu wa kushoto. Wengi huniuliza kwa kunong'ona kama mtu huropoka siri. Wapo wanaoongea maneno yasiyounganika, wapo wanaoimba kaswida. Dawa hizi hazimtoi mtu ukweli, na kwa kawaida sisi tunakuwa tunatazama namba, hatusikilizi.

Akitoka atakwambia "bado hawajaanza", na ataapa. Midazolamu huzuia kumbukumbu mpya isishike, hata kwa muda ambao macho yake yako wazi na anajibu vizuri. Kwa hiyo daktari akija kueleza alichokiona, wewe ndiye msikilizaji. Uwe na daftari. Mama ataitikia kwa kichwa, atasema "ahsante baba", na jioni atakuuliza alisema nini. Majibu ya kuandikwa muondoke nayo mkononi.

Kurudi nyumbani ni kwa taksi au gari la ndugu, ukiwa umekaa naye siti ya nyuma. Bodaboda hapana kabisa, hatakuwa na nguvu ya kujishika. Msiondoke kabla hajaamka vizuri, hajasimama bila kuyumba, na sukari haijapimwa. Kwa saa 24 asiendeshe chochote, asipike kwenye mkaa akiwa peke yake, asiachiwe mjukuu mchanga, asisaini karatasi. Na simu yake ikae kwako usiku huo. Sisemi kwa utani: mtu ambaye ubongo wake haujatulia anaweza kutuma marejesho ya vikoba kwa namba isiyo sahihi, au kumsomea namba ya siri mpigaji yeyote, na kesho yake hakumbuki hata kama aliongea na mtu.

Hewa iliyoingizwa na kamera itamjaza tumbo. Aitoe, asione haya mbele ya wakwe; kuibana ndiko kunakoleta maumivu ambayo watu wanadhani wametobolewa. Ale kidogo kidogo, ndizi laini au wali na mchuzi, na hapo ndipo dawa za sukari zinarudi, kwa utaratibu ambao daktari wake amewapa. Damu kidogo kwenye karatasi ni kawaida kama amekatwa kinyama cha kupeleka maabara. Tumbo kukaza na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, mabonge ya damu, kutapika kusikokoma, kupumua kwa shida, au usingizi mzito ambao ukimwita haamki vizuri: hayo ni ya kurudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mseme mkifika tu mlangoni kwamba leo alichomwa sindano ya usingizi, na dawa gani. Kwa hiyo jina la dawa nalo liandikeni kwenye lile daftari kabla hamjatoka.

Kipimo kisipoonyesha damu inapotelea, msidhani kazi imekwisha. Damu inaweza kuwa inavuja tumbo la juu, na mara nyingi hatua inayofuata ni kamera ya kupitia mdomoni, kwa maandalizi mafupi kuliko haya. Waulizeni tangu sasa kama vipimo vyote viwili vinaweza kufanyika siku moja, chini ya sindano moja. Na kama kinyama kimekatwa, ulizeni siku hiyohiyo majibu yanachukuliwa lini, dirisha gani, na nani atawasomea.